Spika za nyuma za homu thieta kwa hela ya kuungaunga: maswali ninayoulizwa kila siku

Haya maswali naulizwa na majirani, mashemeji, na watu nisiowajua kabisa wanaopewa namba yangu na mashemeji, kwahiyo nimeona niyaandike sehemu moja niwe natuma tu. Sio fundi wa kusomea mimi, ni mtu wa Mbagala ambaye sebule yake imebadilisha spika nyingi kuliko makochi. Bei sitaji sana maana Kariakoo bei ya asubuhi sio ya jioni, na inategemea pia umevaaje.

Nina laki mbili tu, ninunue spika gani za nyuma?

Usinunue za nyuma. Najua umekuja kwa ajili hiyo ila nisikilize kwanza. Kwenye filamu ya 5.1 (yaani ya spika tano na sabufa moja) maongezi karibu yote yanatoka spika ya katikati, muziki na vishindo vinatoka mbele na kwenye sabufa, huko nyuma inabaki mvua, helikopta inayopita juu ya kichwa, mlango unaofungwa mgongoni kwako ukageuka kuangalia nani kaingia. Ni kazi tamu lakini ni ndogo, haihitaji spika ya gharama. Sasa kama mbele una vile vispika vya plastiki vyenye ukubwa wa kikombe cha chai, chukua hiyo laki mbili tafuta jozi moja ya spika za mbao za mtumba, ziweke MBELE, halafu vile vya mbele virudi nyuma. Hapo umepandisha mbele na nyuma kwa hela ya jozi moja.

Kasoro yake moja: spika ya katikati itabaki ile ya zamani, na sauti yake haitafanana na za pembeni. Gari likipita kutoka kushoto kwenda kulia utasikia kama limebadilisha injini katikati ya safari. Kama mnakaa wawili au watatu mbele ya TV basi ingia kwenye menyu uzime spika ya katikati, maongezi yatagawanywa kushoto na kulia na utayasikia yanatoka kwenye TV pale pale. Familia ya watu nane waliotawanyika mpaka mlangoni hii haiwafai, anayekaa pembeni kabisa atasikia kila mtu anaongea kutoka spika iliyo karibu yake.

Spika zangu za nyuma hazitoi kitu, zimekufa?

Mara nyingi hazijafa, hazijapewa kitu. Tafuta kwenye rimoti au kwenye menyu kile kipimo kinachotoa "shhhhh" spika moja baada ya nyingine, ikifika zamu ya nyuma ukasikia basi spika ni nzima, shida iko kwenye unachocheza. Na hapa ndio watu wengi wanaumia, mtu ana mashine ya spika tano ila anacheza movie zilizotafsiriwa kwenye flashi. Zile ukiangalia faili lenyewe sauti ni mbili tu, kushoto na kulia, na sauti ya mtafsiri imemwagwa juu yake humo humo, nyuma patakuwa kimya mpaka kiama. Hivyo hivyo ukiunga kwa zile waya mbili nyekundu na nyeupe au AUX, huo waya unabeba sauti mbili tu hata kama filamu ina tano.

Unachotakiwa ni waya wa HDMI uchomekwe kwenye tundu lililoandikwa ARC pande zote mbili, au ule wa optika wenye taa nyekundu ndani. Halafu, na hii ndio inasahaulika, ingia kwenye setingi za sauti za TV, ukikuta pameandikwa PCM badilisha iwe Dolby Digital au bitstream, maana waya wa optika kwa PCM unapitisha sauti mbili tu. Nimeenda kwa jamaa yangu mmoja Tabata, kakaa mwaka mzima anamlaumu muuzaji, nilibonyeza hapo mara moja helikopta ikapita nyuma ya kochi, mkewe akaja mbio kutoka jikoni.

Kama kweli chanzo ni cha sauti mbili, tafuta mfumo unaoitwa Pro Logic II, unachukua sauti mbili unazipanga kwa spika tano. Sio sawa na 5.1 halisi ila ni bora kuliko ukimya.

Boksi limeandikwa wati 5000, ni kweli?

Hapana. Hizo zinaitwa PMPO, namba ya kuuzia. Piga hesabu mwenyewe, pasi ya kawaida ni kama wati 1000, kwahiyo wati 5000 ni pasi tano zinawaka kwa pamoja kutoka kwenye plagi moja. Plagi zetu za miguu mitatu mwisho wake ampia 13, kwa umeme wa volti 230 hiyo ni wati kama 3000 basi. Geuza mashine nyuma usome kile kibandiko, utakuta inakula wati 60 au 100. Haiwezi kutoa kwa kuendelea zaidi ya inachokula. Namba ya kuangalia ni RMS, yaani nguvu halisi ambayo mashine inaweza kuitoa kwa kuendelea.

Na hata RMS isikutie wazimu. Angalia nyuma ya spika kama pameandikwa desibeli, 84, 87, 90. Hiyo inakwambia spika inapiga kwa nguvu gani ikipewa wati moja ukiwa mita moja. Kila desibeli 3 ukizipanda ni sawa na kuzidisha wati mara mbili, kwahiyo spika ya 90 na ya 84 zikicheza kwa sauti sawa, ile ya 84 inakula umeme mara nne. Mtumba wa mbao wenye 90 kwenye kimashine dhaifu unaweza kukushangaza.

Naweza kuchomeka spika za mtumba kwenye homu thieta yangu hii ya zamani?

Unaweza, soma kwanza omu, ni kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme, kimeandikwa nyuma yake. Homu thieta za boksi moja nyingi zimetengenezewa spika za omu 3 au 4 au 6. Ukiweka ya omu 8 hakuna kinachoungua, mashine inapumua zaidi, itatoa nguvu pungufu kidogo lakini spika kubwa huwa inafidia. Hatari ni kinyume chake, kuchukua vispika vya omu 3 kuvifunga kwenye amplifaya inayotaka 8, inachemka, inazima zima, siku moja haiwaki tena. Na usiunge spika mbili kwenye tundu moja kwa kuziunganisha chanya na chanya hasi na hasi, mbili za omu 4 zinakuwa omu 2, hapo umejichimbia mwenyewe.

Kuna zile plagi za plastiki za rangi rangi ambazo hazipatikani popote. Usihangaike, kata waya sentimita 15 kutoka kwenye plagi, unga waya mpya hapo, funga na tepu.

Na kama nikinunua risiva ya mtumba kabisa (sio ya dishi, ile amplifaya ya spika tano inayouzwa bila spika) nikaachana na hii?

Ndio njia nzuri kuliko zote kama unaweza kungoja na kuweka akiba. Risiva ya zamani ya kampuni ya maana, ya miaka ya 2010 hivi, inadharauliwa kwa sababu haina mambo mapya ya 4K, wakati kwa sauti bado ni simba. Lakini angalia vitu viwili kabla hujatoa hela.

Cha kwanza volti. Geuza usome. Iliyotoka Japani inataka volti 100, iliyotoka Marekani 120, yetu ni 230. Ukichomeka moja kwa moja utasikia "pwaa" na harufu, na muuzaji atakwambia ilikuwa inawaka dukani kwake, na kweli ilikuwa inawaka, alikuwa na transfoma chini ya meza. Transfoma ya kushusha umeme ya kutosha ina bei yake na uzito wa tofali, iingize kwenye hesabu.

Cha pili sabufa. Ile ya homu thieta haina waya wake wa umeme, inalishwa na mashine. Risiva haiilishi sabufa, inatoa ishara ndogo tu ya sauti kwa waya wa RCA (aina ya zile nyekundu na nyeupe), ikitegemea sabufa ina amplifaya yake ndani. Kwahiyo siku unahamia kwenye risiva sabufa yako ya zamani inageuka meza ya kuwekea maua, labda uitafutie kiamplifaya cha pembeni. Watu wanagundua hili usiku wameshafungua kila kitu.

Spika za mtumba nazikaguaje? Naogopa kupigwa.

Ogopa kweli. Nenda na betri ya kawaida ya AA na vipande viwili vya waya, kama una mita ya fundi umeme nenda nayo.

Ondoa kitambaa cha mbele kwanza, muuzaji akikukatalia aga. Angalia ule mduara unaoshika koni, kile kibakuli kinachotetemeka. Kama ni sponji, bonyeza taratibu kwa kidole: kwa joto na unyevu wa Pwani sponji la miaka ishirini linakatika kama keki iliyolala, na likishakatika besi inakwaruza. Mpira wenyewe unadumu. Sponji likiwa limekufa spika haijafa, kuna mafundi wa kubadilisha, ila hapo bei lazima ishuke. Halafu sukuma koni kwa vidole vya mikono miwili, uikandamize kwa usawa, isikilize. Isikwaruze hata kidogo. Ikikwaruza ni koili imegusa, achana nayo.

Kisha betri. Chanya kwenye chanya, gusa mara moja tu, utasikia "tup" na koni itaruka kuja mbele. Ikirudi ndani, mtu aliwahi kuifungua akageuza waya. Ikinyamaza imekufa. Kwa mita, spika ya omu 8 itasoma kama 6 na kitu, ya 4 itasoma kama 3 na kitu, ni kawaida usigombane na muuzaji. Betri haikwambii kitu kuhusu twita ile ndogo ya juu, hiyo lazima muziki upigwe uweke sikio karibu. Twita ndio inaungua kwanza kwenye spika za watu wa sherehe.

Na tochi ya simu, mulika ndani ya lile tundu la hewa. Mimi nilinunua jozi moja nikashangaa ya kushoto haina besi kabisa, nikabadilisha waya, nikabadilisha mashine, wiki mbili. Nilivyofungua nikakuta nyigu wamejenga nyumba ya udongo ndani ya lile bomba, limezibwa kama tofali. Nilichokonoa na bisibisi kama dakika kumi, besi ikarudi. Yule aliyeniuzia aliniambia spika zilikuwa zimefunikwa na shuka tangu ziingie nchini.

Waya gani? Wa dukani wanakouza spika ni ghali.

Nenda duka la vifaa vya umeme, chukua waya wa nyuzi nyingi, pacha, mwekundu na mweusi, 1.5 mm. Basi. Kwa mita 10 kwenda nyuma ukiwa na spika ya omu 8 huo unatosha na chenji inabaki. Spika ya omu 4 na umbali mrefu nenda 2.5.

Ila kwangua. Kuna waya mwingi mtaani ni alumini iliyopakwa shaba. Chukua wembe, kwangua uzi mmoja: ukiwa mwekundu mpaka ndani ni shaba, ukiwa mwekundu nje na mweupe ndani ni alumini. Ukiwa mweupe nje mwekundu ndani ni shaba iliyopakwa bati, hiyo poa kabisa. Alumini sio kwamba haipigi, inapiga, ila inapoteza zaidi na ukiikunja kunja inakatika, kwahiyo ulipe bei ya alumini na uchukue nene zaidi.

Panya je? Pitisha waya juu, sio nyuma ya kochi. Hilo nimelilipia mara mbili.

Zikae wapi hasa?

Hapa ndio hela ya bure ilipo, na hapa ndio watu wanazembea kuliko pote. Nimeona spika zote tano, na za nyuma humo humo, zimepangwa juu ya TV kama vikombe kwenye kabati. Nimeona moja iko juu ya friji.

Kaa kwenye kochi uangalie TV. Nyoosha mikono yote pembeni kama unavyopimwa shati, hapo ni nyuzi 90. Sasa irudishe nyuma kidogo, nyuzi 110 mpaka 120. Hapo vidole vinapoelekea ndio pa spika za nyuma. Yaani tunaita za nyuma lakini kwa 5.1 zinatakiwa ziwe pembeni, nyuma kidogo ya masikio, sio mgongoni kabisa. Urefu uwe wa masikio au juu kidogo, kama nusu mita hivi juu ya kichwa chako ukiwa umekaa inakubalika, tena kwenye kochi la watu wanne inasaidia vichwa visizibe.

Sasa utaniambia kochi langu limeegemea ukuta. Najua, sebule zetu zote ziko hivyo. Kama unaweza kuvuta kochi mbele hata sentimita 40, vuta. Kama huwezi, weka spika kwenye kuta za pembeni usawa wa kochi au juu kidogo, zitazamane, zisikuelekee moja kwa moja sikioni. Usizibandike ukuta wa nyuma zikupigie kisogoni, utasikia spika badala ya kusikia mvua. Wakati mwingine hata kuigeuza itazame dari inasaidia, jaribu, haina gharama.

Nikishapanga, menyu niweke nini?

Umbali kwanza. Sauti inatembea kama mita 343 kwa sekunde, kwahiyo spika iliyo mita 1 na ile ya mita 3 hazifiki sikioni pamoja, tofauti ni kama milisekunde 6. Pima kwa futi ya fundi kutoka kichwa chako mpaka kila spika uingize hizo namba, mashine itachelewesha iliyo karibu. Halafu piga lile "shhhhh" uweke zote ziwe sawa ukiwa umekaa. Kuna programu za simu za kupima desibeli, haziko sahihi sana ila kwa kulinganisha spika na spika zinatosha. Watu wanapenda kuzipandisha za nyuma ili "zisikike", wiki ya kwanza raha, ya pili unaumwa kichwa.

Krosova (mpaka wa hezi ambao besi ya chini yake inapelekwa kwenye sabufa), kama ipo: spika za mbao za wastani weka 80, vispika vidogo weka 120 mpaka 150, besi yake iende kwenye sabufa. Ukiviacha vidogo vipige besi vinakoroma.

Maongezi hayasikiki, milipuko inaamsha mtaa. Spika mbovu?

Pandisha ya katikati desibeli 2 au 3, na uwashe kile kitu kinachoitwa "night" au DRC, kinapunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo. Hakikisha pia spika ya katikati haijasukumwa ndani ya kabati la TV, ije mpaka ukingoni.

Nimeweka marumaru na jipsamu, sauti inalia kama kisimani.

Piga makofi mara moja katikati ya sebule. Ukisikia "triiing" hujapungukiwa spika, umepungukiwa vitambaa. Zulia kati ya kochi na TV, pazia zito la kufunika ukuta mzima sio dirisha tu, basi. Mimi kabla sijanunua zulia nilikuwa nimeshabadilisha spika mara tatu, ningejua.

Naweza kutumia zile spika za Bluetooth kama za nyuma?

Hapana. Bluetooth ya kawaida inachelewa, mara nyingi zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde, mlango utafungwa mbele halafu ufungwe tena nyuma. Na hizo zinazouzwa kama "hazina waya" nyingi zina waya wa umeme kila moja, kwahiyo badala ya kukimbiza waya wa spika unakimbiza ekstenshen.

Niende 7.1?

Kwenye sebule ya mita nne kwa nne, hapana. Hela ya spika mbili za ziada weka kwenye ya katikati.

Kwa mpira inasaidia?

Sana, hata king'amuzi kikitoa sauti mbili tu. Washa Pro Logic, mtangazaji atabaki katikati na kelele za uwanja zitakuzunguka. Dabi ya Simba na Yanga nilivyoiangalia hivyo, shemeji yangu wa Yanga alikuwa anageuka nyuma kila wakikosa goli. Zingatia tu usiache imewashwa kwenye taarifa ya habari.

Nyumba ya kupanga, mwenye nyumba hataki nitoboe ukuta.

Tengeneza stendi. Chukua kopo la rangi la lita 4 lililoisha, simamisha bomba la chuma la urefu wa mita moja na kidogo katikati, mimina zege, liache siku tatu bila kuligusa. Juu mchomeleaji akubandikie kibati cha upana wa spika. Waya upitishe ndani ya bomba kabla hujamimina, acha upinde utoke kwenye tundu ulilotoboa pembeni ya kopo karibu na chini, mimi ya kwanza nilisahau ikabidi waya uninginie nje. Paka rangi nyeusi lote. Spika usiiache imekaa tu juu, ibandike na gundi laini ile ya bluu au ifunge na mkanda, maana watoto lazima watapitia hapo wakikimbizana, kopo halitaanguka ila spika itaruka. Yangu iliruka, ikamwangukia paka, paka mzima, twita imekufa.